Tiara, kamera na korongo: shajara ya maandalizi, Iringa

Jumamosi, 7 Juni

Leo mama amekubali, kwa hiyo leo ndiyo naanza kuandika.

Kinyungu chetu, bustani ya ardhi yenye unyevu, kiko bondeni upande wa Kalenga, kando ya kijito kinachoshuka kuelekea Ruaha Mdogo. Juu yake kuna mteremko wa malisho, na katikati ya mteremko kuna korongo. Nilipokuwa darasa la tatu tulikuwa tunaliruka kwa kukimbilia, tukitoka kuchunga. Sasa ng'ombe akitumbukia humo hatoki bila kamba na wanaume wanne. Kifuku kilichopita, yaani msimu wa mvua, limeumeza mkuyu uliokuwa mpaka wetu na jirani, mti ambao babu aliukuta. Kila mtu anajua kwamba korongo linakua. Hakuna anayeweza kusema limekua kwa kiasi gani, wala maji linayapata wapi, kwa sababu ukisimama ukingoni unaona ukuta wa udongo ulio mbele yako na basi.

Ninachotaka ni picha zilizopigwa kutoka juu, kamera ikitazama chini wima, kabla mvua za Novemba hazijaanza. Halafu picha hizohizo kutoka vituo hivyohivyo mvua zikikatika mwezi wa tano. Kamera itapandishwa kwa tiara. Droni ina vibali vyake na bei yake, na betri yake haimalizi saa. Tiara hukaa hewani muda wote upepo upo, na kuna jambo jingine ambalo mama ndiye aliyenifundisha leo.

Aliniuliza, "Hiyo picha itakwenda kwa nani, mwanangu?" Nikamwambia ni yetu, na ya kijiji kikitaka. Akanyamaza kidogo, akasema, "Ukipiga ardhi ya watu toka juu watasema unapima ili uuze. Lakini kama uzi unaonekana, na aliyeushika wanamjua, watakuja kukuuliza mwenyewe." Nimeandika maneno hayo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Jumamosi, 14 Juni

Kuchagua tiara. Wengi tuliozirusha tukiwa wadogo tunajua ile ya karatasi na mkia wa matambara. Mkia ule huituliza, ila ni uzito na ni kizuizi, na uzito wote nilio nao nauhitaji kwa kamera. Nimeamua kutengeneza rokkaku, tiara ya Wajapani yenye pembe sita, ya asili ya mji wa Sanjo, ambako huzishindanisha angani. Ina mhimili mmoja wa wima na fito mbili za kukingama. Fito hizo hupindwa nyuma kwa kamba kama upinde, na mpindo huo ndio unaoifanya ikae imara bila mkia. Kipimo changu: urefu mita 2, upana mita 1.6, fito mbili zikiachana mita 1. Eneo lake linafika mita za mraba 2.4.

Kwa nini kubwa hivyo? Kwa sababu ya hapa tulipo. Vipimo vingi vya tiara za kamera vimeandikwa na watu wa pwani za Ulaya na Marekani, na hewa ya usawa wa bahari ni nzito. Huku kwetu, mita 1,600 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 14, na nguvu ya kunyanyua inapungua kwa kiasi hichohicho. Mtu wa Kitulo, kule mita 2,600, anapoteza zaidi ya asilimia 20. Tiara inayotosha Tanga huku itasuasua.

Jumapili, 22 Juni

Nimekwenda kwa mzee mgema kuomba mianzi. Nilidhani mwanzi ni mwanzi. Kumbe chipukizi likishagemwa ulanzi, ile pombe ya mwanzi, halikui tena kuwa mti wa maana, na wa mwaka mmoja ni laini, ukikauka unasinyaa na kupinda. Alinichagulia mitatu ya zamani, ile ambayo ukiigonga inalia kavu, akasema niipasue kwa urefu, niilaze kivulini wiki mbili, nisiianike juani hata siku moja. Mwanzi wa ulanzi wa huku una nyama nene ndani, karibu hauna tundu, kwa hiyo ufito mwembamba wa unene wa kidole bado una nguvu. Hakutaka hela. Alitaka kuona tiara ikiruka.

Kitambaa nimekipata kwenye mitumba: hema la watu wawili lililochanika sakafu, elfu kumi na tano. Paa lake la nailoni ni jepesi na halipitishi upepo. Fundi cherehani ameshona pindo mara mbili na kuweka viraka vya turubai kwenye pembe zote sita, mahali ncha za fito zinaposukuma.

Jumamosi, 28 Juni

Siku nzima ya uzi.

Niliuziwa uzi wa kusokotwa kwa maelezo kwamba unabeba kilo 90. Sikutaka kuamini neno la dukani, kwa hiyo nimefunga ndoo ya lita 20 kwenye tawi la mparachichi, nikaongeza ya pili. Zikijaa zote ni kilo 40 na kidogo. Ndoo ya pili haijajaa, uzi ukakatika. Ulikatikia kwenye fundo, na hapo ndipo nilipojifunza kosa langu mwenyewe: fundo hupunguza nguvu ya uzi, na fundo baya hupunguza hadi nusu. Nililofunga lilikuwa fundo la kawaida, lile la kufungia mzigo. Nimerudia kwa kitanzi kisichojibana, kile ambacho mwisho wa uzi unazunguka shina na kurudi tundu lilelile. Ndoo mbili zimejaa na mfuko wa mchanga juu yake, uzi umeshika. Bado siamini zile 90, lakini 60 nimeziona kwa macho yangu.

Mpwa wangu, ambaye ni fundi simu mjini na ndiye mshirika wangu katika kazi hii, ametia alama kwenye uzi kila mita 10 kwa nyuzi za rangi, na nyekundu mbili kila mita 50. Bila alama hizo hesabu zote zilizobaki ni kubahatisha.

Seremala ametuchongea gurudumu la kukunjia, la mninga, lenye mpini pande mbili. Glavu tumenunua za ngozi, za mafundi wa kuchomelea. Uzi unaokwenda kasi mkononi ni msumeno. Mpwa wangu ana kovu la utotoni kiganjani linalothibitisha.

Jumamosi, 12 Julai

Kamera ni ndogo ya mfukoni, Canon ya zamani ya megapikseli 12, gramu 200 pamoja na betri. Tumeiwekea CHDK, programu ya bure inayokaa kwenye memori kadi bila kugusa ya kiwandani, ambayo inaiwezesha kamera kujipigia picha yenyewe. Tumeiamuru ipige kila sekunde 5. Kwa dakika 40 ni picha 480, na tukipata 30 nzuri humo tumefanikiwa.

Mmoja wa watu wa kwanza kupandisha kamera kwa tiara alikuwa Mfaransa, Arthur Batut, mwaka 1888, na kwa kuwa hakuwa na kitu cha kuiamuru kamera akiwa chini, aliwasha utambi unaoungua polepole. Moto ulipofika mwisho ndipo shata ikafyatuka. Picha moja kwa kila kupanda. Huyo namkumbuka kila tunapolalamika kwamba betri ya kamera ni dhaifu. Na George Lawrence alipoipiga San Francisco iliyobomolewa na tetemeko la 1906, alitumia tiara 17 katika mstari mmoja kunyanyua kamera ya kilo zaidi ya 20. Sisi tuna tiara moja na gramu 450 kwa jumla.

Gramu 250 nyingine ni za msalaba wa kuning'inizia. Ukifunga kamera moja kwa moja kwenye uzi, kila uzi unapopanda au kushuka kamera nayo inainama. Dawa yake ilitolewa na Mfaransa mwingine, Pierre Picavet, mwaka 1912, na hadi leo inatumika karibu vilevile: vipande viwili vya bapa vilivyokingamana, pete kila ncha, na kamba moja ndefu inayopita kwenye pete zote na kwenda kwenye nukta mbili za uzi mkuu. Kamba hiyo inateleza. Uzi ukibadili pembe, kamba inajigawa upya, na msalaba unabaki usawa wa ardhi kama sinia mkononi mwa mhudumu mzoefu. Tumetumia bapa za alumini za mabaki ya dirisha, sentimita 25 kila kimoja. Kuipitisha kamba kwa mpangilio sahihi kumetuchukua saa mbili na kuvurugika mara nne. Sasa msalaba una boksi lake, na hakuna anayeruhusiwa kuutoa humo bila kuukunjia kamba zake.

Jumamosi, 19 Julai

Uwanja wa mpira wa shule, bila kamera. Tulifika saa mbili asubuhi kama watu wenye bidii, na tukakaa hadi saa tano. Asubuhi za kipupwe hapa upepo hulala. Ukungu umejaa bondeni na moshi wa majikoni unasimama wima. Unaamka jua likishapasha mteremko. Kuanzia leo hatutoki nyumbani kabla ya saa tatu.

Ulipokuja, tiara ilipanda mara ya kwanza tu ilipoachiwa. Nakiri machozi yalinilengalenga. Mzee mgema alikuwepo, akasema neno moja, "Imekubali."

Tumepima mvuto kwa mizani ya kuning'iniza ya muuza samaki. Upepo wa kutikisa majani na vijiti bila kupumzika: kilo 4. Upepo ulioanza kunyanyua vumbi uwanjani, kama kilomita 28 kwa saa: kilo 7. Upepo ukiongezeka maradufu mvuto haupandi maradufu, unapanda mara nne. Kwa hiyo sheria yetu ni hii: vumbi likianza kuzunguka na matawi madogo kuyumba yote, kamera haipandi.

Jumamosi, 2 Agosti

Kutafuta vituo. Nilidhani hii itakuwa kazi ya nusu siku baada ya kazi ngumu ya vifaa. Imekuwa kinyume kabisa, na wiki mbili hizi nimekuwa nikiifikiria hata darasani.

Jambo lenyewe ni hili. Kamera haiko juu ya kichwa chako. Iko mbele yako, kule upepo unakokwenda. Uzi wetu unasimama kwa pembe ya nyuzi 50 hivi. Mpwa wangu anaipima kwa kipimapembe cha shule na timazi ya nati. Nikitaka kamera iwe mita 60 juu ya ardhi, uzi hadi kwenye kamera uwe mita 78, na kamera itakuwa mita 50 mbele yangu. Tiara yenyewe iko mita 20 za uzi zaidi ya hapo, ili kuyumba kwake kusifike kwenye kamera. Maana yake ni kwamba mahali ninapotaka kupiga na mahali ninapotakiwa kusimama ni pawili tofauti, na umbali kati yake unaamuliwa na upepo.

Upepo wetu wa kiangazi unatoka mashariki na kusini-mashariki. Mita 50 kusini-mashariki ya kichwa cha korongo si kwetu. Ni shamba la mahindi la jirani, mama mjane ambaye mpaka wake na wetu ndio ule uliokuwa mkuyu. Hajazungumza nasi vizuri tangu mti uanguke, kwa sababu kila upande unadhani mwenzake alichimba karibu mno na mizizi.

Kwa hiyo korongo letu haliwezi kupigwa picha bila ruhusa ya mtu mwingine. Nilikaa kwenye tuta nikichora duara na mishale kwenye daftari, nikitafuta pembe ya upepo ambayo ingeniwezesha kusimama kwetu. Ipo: upepo ukitoka magharibi. Hautoki magharibi.

Jumapili, 3 Agosti

Nimekwenda kwake jioni, na mama amekuja nami. Tumepiga hodi, tukasalimiana kwa Kihehe, kamwene, tumekaribishwa viti. Nimeanza na tiara, sikuanza na mpaka. Nimemwonyesha picha za majaribio ya uwanja wa shule kwenye simu. Akauliza kama paa lake litaonekana. Nikamwambia litaonekana, na nguo kwenye kamba, na kama yumo uani ataonekana kama nukta. Akasema, "Basi siku hiyo mniambie mapema."

Mahindi yameshavunwa, ng'ombe wanakula mabua, hakuna cha kukanyaga. Ameturuhusu hadi kuandaa matuta. Mama na yeye walibaki wakiongea baada ya mimi kutoka. Waliongea nini sijui, wala sijauliza.

Jumamosi, 9 Agosti

Vituo vitatu vimepatikana kwenye karatasi. Korongo lina urefu wa mita 140 hivi na linapinda kama kiwiko. Kwa kimo cha mita 60 picha moja ya kamera yetu inafunika ardhi ya karibu mita 74 kwa 55, na picha ni lazima zilaliane kwa zaidi ya nusu ili baadaye ziunganishwe kuwa ramani moja. Kituo A: shamba la jirani, kwa kichwa cha korongo. Kituo B: kwenye njia ya bodaboda, kwa katikati. Kituo C: ukingo wa mashariki pale kwenye kiwiko, kwa sehemu ya chini inayokaribia vinyungu.

Upande wa kaskazini-mashariki ya mji hatujaufikiria kabisa hata kwa mazoezi, kwa sababu ya uwanja wa ndege wa Nduli. Na nimetembea mteremko mzima nikiangalia nyaya za umeme. Laini iliyo karibu zaidi iko mita 400 kutoka Kituo A, upande upepo unakotoka. Hata uzi ukikatika, tiara itakwenda mbali na nyaya. Kama ingekuwa upande wa pili, kituo hicho kingefutwa bila mjadala.

Jumamosi, 16 Agosti

Mkutano wa kitongoji. Mwenyekiti alitupa nafasi mwishoni, baada ya michango ya barabara. Nilitandaza tiara mbele ya watu, nikapitisha kamera mkononi kwa mkono. Swali la kwanza lilikuwa lile la mama neno kwa neno: picha zinakwenda kwa nani. Tumekubaliana kwamba nakala iliyochapishwa kubwa itabandikwa ofisi ya mtendaji, na hakuna picha itakayotolewa kwa mtu wa nje bila mkutano. Imeandikwa kwenye muhtasari. Mzee mmoja aliuliza kama picha itaonyesha njia ya ng'ombe, na watu wakacheka kwa namna iliyoonyesha kwamba njia hiyo ina kesi. Nilimjibu kwamba itaonyesha kila kitu kisichofunikwa na mti.

Jumamosi, 30 Agosti

Tumekwenda Isimila, kilomita 20 hivi kutoka mjini kwa barabara ya Mbeya. Hatukubeba tiara, pale ni eneo la malikale na hatuna kibali. Nilitaka mpwa wangu aone korongo linaishia kuwa nini.

Nguzo za udongo uliogeuka mwamba zimesimama kimya, baadhi zikiwa na kofia ya jiwe gumu iliyozikinga wakati kila kitu kando yake kilipochukuliwa na maji. Mmomonyoko uleule ndio uliofunua shoka za mawe zilizotambuliwa mwaka 1951 na kuchimbwa na Clark Howell 1957 na 1958. Kipimo cha urani kilichochapishwa 1972 kiliupa mfupa wa pale umri wa karibu miaka 260,000. Kwa Isimila, maji yaliyokula ardhi yametupatia historia. Kwetu yanakula maharage. Nilitembea humo nikiwa na huzuni na heshima kwa pamoja.

Tulichopata kwa kazi yetu: mpwa wangu alirusha vumbi mkononi akiwa ndani ya korongo, likazunguka na kurudi usoni pake. Akarusha tena juu ukingoni, likaenda sawasawa. Upepo ndani ya korongo haueleweki, na mita kadhaa baada ya ukingo nao bado umevurugika. Tiara irushwe kutoka mahali wazi, ipande kwanza hadi mita 50 bila kamera, ndipo tuifunge kamera. Na jambo la pili, ambalo nalisema kwa msisitizo: mtu wa tiara hutazama juu na hurudi kinyumenyume bila kujua. Karibu na korongo hilo ni kifo. Kila kituo kitakuwa na kigingi, na mshika uzi atafungwa kiunoni kwa kamba fupi kwenye kigingi. Mwingine kazi yake ni kutazama chini tu.

Jumamosi, 13 Septemba

Siku mbaya. Septemba upepo wetu una vishindo. Unatulia, halafu unakuja mzima mzima kutoka mlimani. Tulikuwa Kituo B bila kamera, namshukuru Mungu kwa hilo. Kishindo cha tatu kikavunja ufito wa juu, tiara ikajikunja kama mwavuli na kwenda kuangukia mikaratusi. Uzi ukalala ukikatiza njia, kimo cha shingo. Bodaboda ilikuwa inakuja. Mpwa wangu alikimbia akipiga kelele, kijana akasimama mita chache kabla. Alikuwa amempakia mama na mtoto.

Tulikaa chini wote watatu kwa muda, pamoja na yule kijana.

Kituo B kimefutwa. Haijalishi kinafaa kiasi gani kwa picha. Sehemu ya katikati itapigwa kutoka Kituo A kwa kuongeza uzi. Na ufito uliovunjika, nilipoukagua, ulikuwa na kifundo cha mwanzi kimekatwa kwa kisu wakati wa kulainisha, kazi yangu mwenyewe. Fito mpya zimelainishwa kwa msasa peke yake, na zimeviringwa uzi na gundi kila upande wa kifundo.

Jumamosi, 27 Septemba

Alama za ardhini. Ili picha za mwezi wa tano zilinganishwe na hizi, kunatakiwa nukta zisizohama. Tumezika nondo fupi kumi na mbili kwenye zege kuzunguka korongo, na juu ya kila nondo siku ya picha tutaweka kifuniko cha ndoo kilichopakwa rangi nyeupe chenye msalaba mweusi. Tumepima umbali kati ya kila mbili kwa utepe wa mita 50, mara mbili mbili, na kuandika. Watoto wa jirani ndio walioshika upande wa pili wa utepe. Mama mjane alileta viazi na chai kwenye chupa, akaketi kwenye tuta lake akituangalia hadi jioni.

Vinyungu viko kijani sasa, mahindi machanga na mboga, na mahali watu wanapochoma nyasi moshi unalala kuelekea kaskazini-magharibi. Ni kipima upepo bora kuliko utepe wetu wa plastiki.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mazoezi ya mwisho, na kamera. Saa nne na nusu, upepo wa kutikisa majani, mbingu safi. Kituo A dakika 35, Kituo C dakika 25. Mizani ilicheza kati ya kilo 4 na 5. Kamera ilishuka salama mara zote mbili.

Picha za kwanza zilikuwa ukungu mtupu, kwa sababu kamera ilikuwa inatafuta fokasi upya kila mara. Tuliishusha, tukaifunga fokasi kwenye umbali wa mbali kabisa na kasi ya shata kwenye 1/1000, tukapandisha tena. Baada ya hapo zimetoka kali. Kwa kimo kile pikseli moja ni karibu sentimita 2 za ardhi. Unaweza kuhesabu matuta ya kinyungu cha mama moja moja.

Na njia ya ng'ombe ipo. Ni mstari mweupe unaotoka malishoni, unakutana na mtaro wa barabara, na vyote viwili vinamwagia kwenye kichwa cha korongo kama faneli. Jirani hakuchimba mizizi. Sisi hatukuchimba. Nimezipeleka picha mbili kwa mama na kwa jirani kwenye simu moja, wakiwa wamekaa pamoja.

Jumapili, 12 Oktoba

Usiku nilikuza picha za Kituo C kwenye kompyuta ya shule. Mita nne nyuma ya ukingo kuna mstari mwembamba mweusi, umepinda sambamba na ukingo, urefu wa hatua ishirini hivi. Nilidhani ni uzi wetu au kivuli chake. Upo kwenye picha tisa, mahali palepale.

Leo asubuhi tumekwenda na panga tukafyeka nyasi. Ni ufa. Unaingia vidole viwili, na fimbo ya mita moja haikufika mwisho. Kigingi cha Kituo C, ambacho jana nilifungwa kiunoni kwacho dakika 25, kiko upande wa korongo.

Tumeking'oa. Kipya kimepigwa mita 12 nyuma, kwenye udongo mzima, kwa hiyo kamera ikae mita 62 mbele badala ya 50: uzi hadi kamera mita 96, kimo mita 74, pikseli sentimita 2.3. Picha itapoteza ukali kidogo. Nondo mbili zilizokuwa kati ya ufa na korongo tumeziacha makusudi na kuzipa namba mpya, 11 na 12, ili tuone zitakuwa wapi mwezi wa tano. Mwenyekiti amefika na kuzungushia mahali hapo miiba. Wachungaji wameambiwa.

Kesho Jumatatu nitaomba ruhusa ya kutoka mapema. Upepo ukiamka, tunapiga picha kamili saa tano.